Lugha ya Jikoni na Siri ya Nyumba: Riwaya Mbili za Wahamiaji na Mtihani wa Ruaha

Riwaya ya Paule Marshall iitwayo Brown Girl, Brownstones ilitolewa mwaka wa 1959. Mtungaji wake alizaliwa Brooklyn, katika mji wa New York, mwaka wa 1929, na wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Barbados, kimojawapo cha visiwa vya Karibi ambavyo ardhi yake ilikabidhiwa miwa tangu karne ya 17. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo The Last Gift, yaani tunu ya mwisho, ilitolewa mwaka wa 2011. Mtungaji wake ni mzaliwa wa Unguja wa mwaka wa 1948, aliyehamia Uingereza katika ujana wake, na ambaye mwaka wa 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Vitabu hivi vimetengana kwa zaidi ya nusu karne. Hata hivyo jambo lao ni moja: mtoto anayekua katika nyumba ya wahamiaji, nyumba isiyo na amani, naye hawezi kuijua sababu ya ugomvi au ya ukimya wa wazazi wake, kwa kuwa sababu hiyo iliachwa ng'ambo kabla yeye hajazaliwa.

Mengi yaweza kusemwa juu ya vitabu hivi kwa upande wa siasa na wa historia. Kwa wasomaji wa Kiswahili lakini lipo swali moja lililo karibu nao zaidi, nalo ni swali la lugha. Nyumba yenye msiba wa namna hii husema kwa lugha gani, na mtungaji ameiachia lugha hiyo nafasi gani kitabuni? Swali hili si la Brooklyn wala la Uingereza peke yake. Kusini mwa wilaya ya Kilosa, ng'ambo ya mbuga ya Mikumi, iko kata ya Ruaha kando ya mto Ruaha Mkuu, katikati ya mashamba ya miwa ya Kilombero. Watu wengi wa huko wamekuja kutoka nchi nyingine za Tanzania kwa ajili ya miwa, na watoto wao hukua kwa lugha ambayo si ya baba wala si ya mama. Lugha hiyo ni Kiswahili. Anayezisoma riwaya mbili hizi akiikumbuka Ruaha ataona kwamba Kiswahili, ambacho kwa Gurnah ni lugha iliyopotezwa, mahali pengine ndicho kinachopoteza nyingine. Atauliza pia kama riwaya ya Kiswahili imekwisha kuwa tayari kuisimulia nyumba hiyo.

Katika kitabu cha Marshall, Selina Boyce ni binti mdogo wa Deighton na Silla. Alikuwako kaka aliyekufa kabla yake, na tangu mwanzo mtoto huyu hujihisi kuwa amekuja kukalia kiti cha marehemu. Mzozo wa nyumba huanza pale Deighton anapopata urithi wa ardhi ya kadiri ya eka mbili huko Barbados. Kwa Deighton ardhi hiyo ni heshima yake: atarudi siku moja, ajenge nyumba nzuri, na waliomdharau wamwone. Kwa Silla ardhi hiyo ni fedha ya kununulia nyumba ya mawe ya hudhurungi ambamo wanakaa kwa kupanga. Wahamiaji wenzao wote wanapigania nyumba kama hiyo, naye hataki kubaki nyuma. Silla huandika barua kwa jina la mumewe na kuiuza ardhi kwa siri. Fedha inapofika, Deighton huichukua na kuimaliza kwa siku moja madukani, akarudi na zawadi chungu nzima kama mtu aliyetoka vitani na ngawira. Baadaye mkono wake huumizwa na mashine kiwandani. Hujitupa katika kundi la dini ambalo kiongozi wake huwataka wafuasi wasahau kuwa wao ni baba au mama wa mtu. Mwishoni Silla humshtaki kwa wakuu wa serikali kuwa yumo nchini pasipo kibali. Deighton hurudishwa kwa meli, naye huzama baharini karibu na pwani ya kisiwa alichokiota miaka yote.

Mtungaji dhaifu angalimfanya Silla kuwa mwanamke katili na Deighton kuwa mwotaji aliyeonewa, au angaligeuza mizani, mke akawa mchapa kazi na mume akawa mpotevu. Marshall hakufanya hivyo. Selina anampenda baba yake, na siku ya kushtakiwa kwake humpiga mama yake kwa ngumi na kumwita kwa jina la Hitler, ambaye wakati huo yuko vitani na ulimwengu. Walakini kabla ya hayo msomaji amekwisha kusikia habari za utoto wa Silla. Alikuwa mmoja wa watoto waliofanyishwa kazi ya kung'oa majani katika shamba la miwa tangu jua kuchomoza hadi kuzama, na msimamizi akiwa nyuma yao na mjeledi. Kundi hilo la watoto lilikuwa la daraja la tatu, yaani daraja la chini kabisa la wafanya kazi wa shamba. Hapo ndipo fumbo la nyumba linapofumbuka. Kisiwa anachokiota Deighton ni kilekile ambacho Silla alikikimbia. Ardhi moja ni pepo kwa mume na jahanamu kwa mke. Mtoto hukulia katikati ya ramani mbili za nchi moja asiyoijua.

Jambo hili lisingaliwezekana kama Silla asingaliachiwa kusema kwa lugha yake. Msimulizi wa riwaya hutumia Kiingereza cha vitabuni, lakini jikoni, Silla anapopika vyakula vya kwao vya kuuza siku ya Jumamosi na rafiki zake wakiwa wamemzunguka, huingia Kiingereza cha Barbados chenye sarufi yake. Miongoni mwa alama za lugha hiyo ni namna yake ya kutaja jambo la mazoea. Kiingereza cha shule huliachia jambo hilo kitenzi kitupu. Kiingereza cha Barbados huweka mbele ya kitenzi neno "does", lisilo na mkazo, ambalo kazi yake ni kusema kwamba jambo hili ndivyo lilivyo siku zote, lilikuwa jana, litakuwa kesho. Mwanamke anayesimulia kwa neno hilo uchovu wa kazi ya miwa haelezi tukio, anaeleza hali. Mwalimu wa sarufi angalilifuta, na pamoja na neno angalifuta miaka kumi ya maisha ya mtoto. Marshall alilijua jambo hili kwa hakika. Katika insha aliyoitoa mwaka wa 1983 aliwataja mama yake na rafiki zake, waliokuwa wakizungumza jikoni baada ya kazi za nyumba za watu, kuwa ndio washairi waliomfundisha kutunga.

Kasoro za kitabu zipo, nazo ziko hasa katika sehemu ya mwisho. Clive, kijana mchoraji ambaye Selina anampenda, hutoa hotuba ndefu juu ya watu weusi na hali yao ambazo hazina chumvi ya maneno ya jikoni; inakuwa kana kwamba mtungaji amehofu kwamba msomaji hakuelewa. Lakini tendo la mwisho la Selina hurudisha nguvu. Amevaa tangu kuzaliwa bangili mbili za fedha kama watoto wa kike wa Barbados. Anapokwenda zake huivua moja na kuitupa katika kifusi cha nyumba zilizobomolewa, na nyingine hubaki nayo. Hakuna maelezo marefu juu ya tendo hilo. Msomaji huachwa apime mwenyewe ni kipi kilichotupwa na ni kipi kilichobaki.

Kutoka nyumba hii ya makelele msomaji wa Gurnah huingia nyumba ya kimya. Abbas, mzee wa zaidi ya miaka 60, huanguka mlangoni mwa nyumba yake katika mji wa Norwich kwa maradhi ambayo hakujua kuwa anayo. Mke wake Maryam ni mtoto wa kuokotwa, aliyelelewa na watu mbalimbali katika mji wa Exeter na asiyewajua wazazi wake. Watoto ni wawili: Hanna, ambaye amejifupisha jina kuwa Anna, na Jamal, ambaye anaandika tasnifu juu ya wahamiaji wa Ulaya bila kujua habari za mhamiaji aliyemzaa. Baba amewaambia kuwa yeye alikuwa baharia na ametoka Afrika. Zaidi ya hapo hakusema. Kadiri maradhi yanavyomsonga, husimulia, na masimulizi hayo huingizwa katika kinasa sauti ambacho mkewe amemletea. Ndipo inapojulikana kwamba katika ujana wake, kabla ya uhuru wa Unguja, aliozwa mke, akamshuku kwamba mimba yake ilitangulia ndoa, akaona aibu, akatoroka baharini na kumwacha mwanamke na mtoto aliye tumboni. Wahenga wa pwani wamesema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Abbas alificha maradhi mawili, la mwili na la moyo, na yote mawili yaliumbuka kwa pamoja.

Sifa kubwa ya kitabu hiki ni kipimo chake. Gurnah hatafuti machozi. Aibu ya Abbas haielezwi kuwa dhambi kubwa wala kuwa jambo dogo. Ni aibu ya kijana wa nyumba ya kimaskini aliyeingizwa katika nyumba ya wenye uwezo na kudhani kwamba amefanywa kifuniko cha siri ya wengine. Vilevile mtungaji ameona kwa jicho kali jinsi siri ya baba inavyokuwa ugonjwa wa watoto. Hanna akienda kwa wazazi wa mchumba wake Mwingereza na kuulizwa asili yake ni wapi, hukasirika. Swali lina ufidhuli wake, lakini hasira yake ina mzizi mwingine: hana jibu la kutoa hata kama angalitaka. Siri inapofunuliwa, binti huyo hachukui kama zawadi. Huona kwamba ametwishwa mkasa mwingine wa wahamiaji juu ya mikasa aliyochoka kuisikia. Tunu ya mwisho hupokewa kwa mkono wa kushoto, na hapo Gurnah amekuwa mkweli kuliko watungaji wengi wa habari za toba.

Walakini kuna mahali ambapo riwaya hii imepungukiwa, na mahali hapo ni palepale ambapo Marshall ametia nguvu. Abbas anaposema katika kinasa sauti, humsemea mkewe asiyejua Kiswahili, na msomaji hupewa Kiingereza safi, kilichonyooka, kisicho na kovu. Mtu huyu alikulia kwa Kiswahili cha shamba la Unguja. Aibu yake iliumbwa kwa maneno ya Kiswahili. Dhana ya kuvunjiwa heshima, ya kuchekwa na watu, ya kufanywa mjinga katika nyumba ya ukweni, ina msamiati wake katika lugha ile. Kinasa sauti hakikunasa msamiati huo. Yaweza kutetewa kwamba huo ndio msiba wenyewe: watoto hawakupewa lugha, basi msomaji naye asipewe. Utetezi huu una haki, lakini hautoshi. Msiba wa kupotea kwa lugha hausikiki mpaka lugha yenyewe isikike ikipotea. Marshall humfanya msomaji asiye wa Barbados ajihisi mgeni jikoni kwa Silla. Gurnah humfanya msomaji asiye Mswahili ajihisi mwenyeji katika aibu ya Abbas, na kwa hiyo humpunguzia kazi ambayo Jamal na Hanna hawakupunguziwa.

Ida Hadjivayanis ameonyesha katika Peponi, tafsiri yake ya riwaya ya Paradise iliyotoka mwaka wa 2022, kwamba kitabu cha Gurnah chaweza kurudishwa katika lugha ya watu wanaosimuliwa. Ila Paradise ni riwaya ya watu wa pwani na wa bara la Tanganyika, na Kiswahili chake kilikuwa kikisubiri tu kufunuliwa. Mfasiri wa The Last Gift atakabili neno gumu zaidi. Abbas akisema Kiswahili kizuri cha Unguja, watoto wake watasema nini? Wakisema Kiswahili hichohicho, msiba umekwisha, kwa maana baba na mwana wameelewana. Lazima kitafutwe Kiswahili ambacho kwa Kiswahili cha Abbas kiwe ni lugha ngeni: Kiswahili cha mtoto asiyepokea lugha ya baba yake. Wapi kinapatikana Kiswahili cha namna hiyo?

Kinapatikana Ruaha. Mashamba ya miwa ya Kilombero yako pande zote mbili za mto, na viwanda vyake vimo Msolwa, na Ruembe upande wa Kilosa. Tangu miaka ya mwanzo ya 1960, wakati tawi la reli lilipokuwa likivutwa kutoka Kilosa kupita Mikumi hadi Kidatu, miwa imewavuta watu kutoka Iringa, Njombe, Songea, Mbeya na kwingineko. Wapo waliokuja kwa msimu wa kukata wakarudi, na wapo waliokuja kwa msimu mmoja wakazikwa hukohuko. Wenyeji ni Wavidunda na Wasagara. Kaskazini mwa wilaya hiyohiyo, huko Kimamba na Rudewa, mkonge ulikuwa umekwisha kufanya kazi hiyo tangu zamani za ukoloni, na neno "manamba", lililotokana na namba za vibarua, lilibaki katika lugha kama kovu. Mkonge wenyewe ni mhamiaji: uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka wa 1893 kutoka Florida, na asili yake ni rasi ya Yucatán, jirani ya visiwa vya Karibi. Wala si ajabu kwamba mmoja wa waliochunguza sana habari za vibarua wa mkonge wa Tanganyika alikuwa mtu wa nchi ya miwa, Walter Rodney wa Guyana, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uchunguzi aliouandika pamoja na Kapepwa Tambila na Laurent Sago ulitolewa mwaka wa 1983, miaka mitatu baada ya yeye kuuawa.

Wanahistoria basi wamekwisha kuingia kambini na kuhesabu ujira, posho na mikataba. Asiyeingia bado vya kutosha ni mtungaji wa riwaya, na hasa hajaingia jikoni. Ichukuliwe nyumba moja ya mfano, ya baba Mbena na mama Mpogoro. Baba angependa fedha ya msimu ipelekwe Njombe, likajengwe banda katika kiwanja cha ukoo. Mama angependa kinunuliwe kiwanja hapohapo Ruaha, kwa kuwa Njombe hana wa kumpokea. Ugomvi huu ni wa Deighton na Silla, neno kwa neno, ila bahari imeondolewa. Wakigombana, hugombana kwa Kiswahili, maana hawana lugha nyingine ya kushirikiana. Bibi akija kutoka Njombe na kumwamkia mjukuu "kamwene", mjukuu hujibu "shikamoo", na katika kujibizana huko kwa adabu pande zote mbili kuna shimo ambalo hakuna aliyekusudia kulichimba. Mtoto hana kosa. Yeye ni Jamal na ni Hanna, ila lugha iliyomtenga na bibi yake si Kiingereza, ni Kiswahili.

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kulitaja jambo hili kwa fahari tu. Lugha imeunganisha makabila. Mtoto wa Ruaha ni Mtanzania kamili. Fahari hiyo ni ya haki, na hakuna sababu ya kuiondoa. Lakini fasihi haikuwekwa ili ikariri hesabu ya faida peke yake. Kilichounganisha taifa kimeiacha nyumba na chumba kimoja kilichofungwa, na mtoto hupita mbele ya mlango wake kila siku.

Kiswahili cha nyumba hiyo, zaidi ya hayo, si kile cha kamusi. Mfano mmoja watosha, nao unakumbusha lile neno la Silla. Kiswahili sanifu husema, "Baba yako huja amelewa." Katika Kiswahili cha bara, kile cha kambi na cha vijijini, husikika, "Baba yako anakujaga amelewa." Kiambishi hiki cha mwisho, -ga, kina asili yake katika lugha nyingi za Kibantu za bara, na kazi yake ni kutaja mazoea. Walimu wamekifuta katika madaftari ya watoto kwa wino mwekundu vizazi kadhaa. Hata hivyo sentensi mbili hizi si ushahidi mmoja. Ya kwanza yatoa habari, nayo yaweza kusemwa na hakimu. Ya pili ina uzito wa siku zilizorudiwa: jana, juzi, na mwaka jana, ndani yake mna mwanamke aliyesimama kwenye mafiga akisikiliza hatua za mtu njiani. Kama "does" ya Barbados, kiambishi hiki kimebeba uchovu ambao sarufi ya shule haina mahali pa kuuweka.

Itasemwa kwamba riwaya ya Kiswahili imekwisha kuingia katika nyumba yenye msiba. Ndivyo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka wa 1971, ilifungua mlango wa nyumba ya Zakaria huko Ukerewe na kumwonyesha baba mlevi anayewapiga watoto wake na kula fedha zao, na kitabu hicho kiliwastua watu kiasi cha kuzuiwa shuleni kwa muda. Ushujaa wake hauna shaka. Lakini nyumba ya Zakaria iko katika ardhi ya mababu zake, na watu wake wote wamezaliwa katika lugha moja ambayo riwaya imeifasiri kimyakimya kuwa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo msiba wake huonekana kuwa wa tabia na malezi: baba angaliacha pombe, binti angalipona. Katika nyumba ya mhamiaji haitoshi kusema hivyo. Pombe ya Ruaha ina reli nyuma yake, ina msimu, ina barua kutoka kwao isiyojibiwa. Mtungaji atakayemsawazishia kila mhusika lugha moja atalazimika kumsawazishia na kosa moja.

Hapa lawama haiwaangukii watungaji peke yao. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka wa 1930 ilipewa jukumu la kusoma miswada na kuithibitisha kabla ya kuingia shuleni. Kazi hiyo ilikuwa na faida zake: bila ya hiyo pasingalikuwa na kamusi wala na vitabu vya kutosha. Ila ilizaa pia tabia ya kusoma riwaya kama msahihishaji wa insha. Tangu hapo imekuwa desturi kwamba neno la Unguja au la Pemba likiingia katika riwaya huitwa utajiri wa lahaja, na kiambishi cha Ruaha kikiingia huitwa kosa. Tofauti hiyo haina sababu ya kiisimu. Ni hukumu juu ya watu, iliyovishwa nguo ya sarufi.

Wengine watahofu kwamba, mlango ukifunguliwa, lugha itavurugika na wanafunzi watapotea. Kitabu cha Marshall chajibu hofu hii chenyewe. Msimulizi wake hakuacha Kiingereza sanifu hata ukurasa mmoja. Waliosema kwa lugha yao ni watu wa jikoni, na msomaji hakuwachanganya na msimulizi. Wala Kiingereza hakikuanguka. Kinachohitajika katika Kiswahili si msimulizi anayeboronga kwa makusudi, wala vichekesho vya lafudhi ambavyo vimezoeleka katika michezo ya kuigiza, ambamo mtu wa bara husemeshwa vibaya ili achekwe. Kinachohitajika ni sikio linalotambua kwamba namna ya kusema ya mwanamke wa Ruaha ni sarufi yenye taratibu zake, na kwamba humo ndimo alimoweka mambo asiyoweza kuyaweka penginepo. Marshall hakuokota Kiingereza cha mama yake ili kukihurumia. Alikiona kuwa sanaa. Lugha ile nayo ilizaliwa katika mashamba ya miwa, kwa watu waliopokonywa lugha za mababu zao, na katika vizazi vichache wakaifanya kuwa yao hata ikaweza kulaani, kubembeleza na kuomboleza. Hapana sababu ya kudhani kwamba Kiswahili cha Ruaha hakiwezi hayo.

Kwa mizani hii Brown Girl, Brownstones ni kitabu kikubwa zaidi, ijapokuwa The Last Gift ni kitabu kilichotungwa kwa mkono uliotulia zaidi. Gurnah ameieleza siri ya nyumba. Marshall amewaacha wenye nyumba waiseme. Abbas alihifadhi heshima yake kwa kunyamaza katika lugha nzuri, na watoto wake ndio waliolipa. Riwaya ya Kiswahili ina hatari ya kuwa kama Abbas: yenye adabu, yenye lugha safi, na yenye mke na mtoto walioachwa mahali ambapo hapatajwi. Kinasa sauti kilimfikia mzee yule akiwa kitandani, na pumzi zimebaki chache. Ruaha bado watu wanazungumza, na waliokuja na misimu ya kwanza ya miwa, wale wachache waliobaki, ni vikongwe sasa.